Miguu Miwili ya Kushoto

Mkasi ulikuwa umeshapita. Mlipomwacha Bi Pindo wiki iliyopita, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yameganda juu ya meza ya kukatia, na mlangoni kivuli cha Mkaguzi wa Wizara kilikuwa kikitangulia kuingia. Sasa kivuli kimo ndani, na mwenye kivuli anafuta viatu kizingitini.

Juu ya meza ilikuwapo suruali ya Mkaguzi huyo huyo, imekatwa tayari kwa kushonwa. Ilikuwa na miguu miwili, kama ipasavyo suruali yoyote. Ila yote miwili ilikuwa ya kushoto.

"Meneja," Bi Pindo alinong'ona, "umefanya nini?"

"Nimetoa nakala, Bosi." Meneja alijifuta jasho kwa ncha ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake. "Mguu wa kwanza ulitoka vizuri, ukausifu mwenyewe. Nikauweka juu ya kitambaa, nikaukata wa pili ufanane nao kabisa."

"Ungeugeuza! Mguu wa pili hugeuzwa!"

"Bosi, nimekaa benki tangu nikiwa na nywele. Nakala isiyofanana na asili tunaikataa. Na kugeuza nakala," alisema kwa huzuni ya mtu aliyeona mengi, "ni kughushi."

Kwa msomaji anayetufikia leo, haya ndiyo yaliyotangulia. Serikali ilikuwa imetoa fedha ili benki ziwakopeshe wafanyabiashara wadogo, na benki zikazikalia kama kuku aliyeatamia mawe. Waziri akakasirika. Akasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na papo hapo akaanzisha mpango ulioitwa Kaa Nao Uwajue. Kila meneja wa tawi angekuwa mwanagenzi kwa wiki mbili katika biashara ya mtu aliyeomba mkopo. Kabla ya kumaliza, hakuruhusiwa kumpa mtu huyo mkopo wala kumnyima.

Ndivyo Meneja huyu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Njoo-Kesho, alivyojikuta kwenye duka la ushonaji la Bi Pindo, chini ya bati la moto, akipiga pasi marinda.

Ijumaa saa kumi jioni uanagenzi wake ungekwisha. Mkaguzi akiandika kwamba amefuzu, Meneja angetia saini mkopo pale pale dukani, Waziri akishuhudia. Akiandika kwamba hakufuzu, ombi la Bi Pindo lingerudi nyuma ya maombi yote ya nchi.

Na Bi Pindo hakuwa na muda wa kurudi nyuma ya mtu. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimempa oda ya sare za wanafunzi wote, kwa sharti kwamba kufikia Ijumaa hiyo hiyo saa kumi aoneshe kwamba atapata vyerehani vya kuitosheleza. Asipoonesha, oda ingevuka barabara na kwenda kwa Mkasi.

Mkasi! Kijana ambaye Bi Pindo alimfundisha mwenyewe kutia uzi kwenye sindano, leo ana duka la vioo upande wa pili wa barabara, lenye vyerehani kwa safu na feni darini. Tena alishatangaza kwa watu kwamba Bi Pindo akifunga duka asihuzunike, atamwajiri. "Nitamweka kwenye vifungo," alisema.

Leo ni Alhamisi, na Mkaguzi amemaliza kufuta viatu.

"Hamjambo humu?"

Aliyeokoa jahazi alikuwa wifi. Dada huyu wa marehemu mume wa Bi Pindo hakuwa mwepesi wa mwili, lakini siku hiyo aliruka kama panzi, akakalia meza ya kukatia, na miguu yote miwili ya kushoto ikatoweka chini yake.

"Hatujambo, baba," alisema. "Karibu. Mimi napumzika kidogo."

"Nimefuata suruali yangu."

"Njoo kesho," alisema Bi Pindo. Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya.

Mkaguzi alichomoa kalamu. "Jumatatu uliniambia Jumanne. Jumanne ukaniambia jana. Jana ukaniambia leo. Kesho Waziri anakuja na koti nililonalo halina suruali. Nitaandika kwamba biashara hii haina utaratibu, na aliyefundishwa humu hakufundishwa kitu."

Bi Pindo aliona sare za wauguzi zikivuka barabara, moja baada ya nyingine, zimenyooshwa pasi.

Hapo Meneja alijongea. Alilivuta shati lake, akaiweka sawa futi shingoni kama tai, na sauti yake ikabadilika. Ikawa laini, baridi, sauti ya kutoka nyuma ya kioo.

"Karibu sana, mteja wetu. Ombi lako la suruali tumelipokea. Kwa sasa liko katika hatua ya tathmini."

"Tathmini?"

"Ndiyo. Lakini naona faili lako lina upungufu. Tungeomba picha zako mbili, barua ya mwenyekiti wa mtaa unakoishi, na wadhamini wawili."

"Wadhamini wa suruali?"

"Wa mvaaji," alisahihisha Meneja. "Suruali hatuna shaka nayo."

Bi Pindo alifumba macho akisubiri radi. Radi haikupiga. Alipofumbua, alimwona Mkaguzi ameirudisha kalamu mfukoni, na usoni mwake umeenea utulivu wa mtu aliyepotea msituni akasikia lugha ya kwao.

"Mbona hamkusema mapema?" alisema. "Hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Miaka yote hii mafundi wananizungusha tu! Picha ziwe na rangi gani nyuma?"

"Bluu ingependeza."

Akatoka mbio kutafuta wadhamini.

Wifi alishuka mezani polepole. "Mdhamini wa suruali," alisema. "Nimezaliwa, nimekua, nimeolewa, nimeachika, nimeolewa tena. Sijawahi kusikia."

"Nyamaza, wifi. Ametuokoa."

"Ametuokoa na mto, bado mamba. Miguu ni ile ile."

Kumbe mamba mwingine alikuwa barabarani. Mkaguzi hakuweza kuinyamazia furaha yake. Alimwambia mpiga picha, mpiga picha akamwambia muuza magazeti, na kabla jua halijaelekea magharibi watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa Bi Pindo, kila mmoja ameshikilia mdhamini wake kwa mkono asimtoroke.

"Mimi nina gauni tu la kupunguza kiuno," alisema mama mmoja, "lakini shoga yangu huyu amekubali kunidhamini mpaka magotini."

"Na mimi je?" mzee mmoja aliuliza kwa uchungu. "Nimeshonewa nguo hapa miaka yote, hamkuniomba hata picha. Mliniona si mtu?"

Yakatokea na mambo ambayo Bi Pindo hakuyatarajia. Mwenye koti lililotundikwa ukutani tangu kabla hajaoa mke wa pili aliletwa na mdhamini wake, ameshikwa ukosi, akalichukua. Nguo zilizosahauliwa ziliondoka moja moja, ukuta ukaonekana, na wifi akagundua kwamba lilikuwapo dirisha.

Upande wa pili wa barabara, Mkasi alikuwa amesimama chini ya feni yake, peke yake na vyerehani vyake, akitazama.

Jioni, foleni ilipokwisha, Meneja alikaa kwenye kigoda na kutandaza karatasi zake za tathmini.

"Sasa nivue uanagenzi kidogo, Bosi, nivae umeneja. Duka lina mafundi wangapi?"

"Watatu. Mimi, wifi na wewe."

"Huyo wa tatu ana uzoefu gani?"

"Leo amekata miguu miwili ya kushoto!"

Meneja aliandika. "Ni hatari kubwa hiyo. Kwa kweli, mtu huyu ndiye udhaifu pekee ninaouona katika biashara yako. Ningekuwa wewe, ningemfukuza."

"Nikikufukuza hujafuzu, na usipofuzu husaini."

"Kweli."

"Na nikikubakiza?"

"Nikijiona nimo humu, mkono unasita."

Bi Pindo alikuwa mtu wa subira. Alisubiri mume apone, hakupona. Alisubiri benki ijibu, haikujibu. Lakini subira nayo ina pindo lake, na hapo lilifumuka. Alinyakua vipande vya mguu mmoja wa suruali na kumtupia Meneja kichwani.

"Basi vaa wewe!"

Vipande vilitua begani mwa Meneja vimepinduka, upande wa ndani nje. Wifi, aliyekuwa akifagia, alisimama na ufagio.

"Wifi. Hebu tazama. Huo si wa kulia?"

Ulikuwa wa kulia. Kitambaa cha kushoto kikigeuzwa nje ndani huwa cha kulia; jambo ambalo Bi Pindo alilijua tangu ujana wake, ila hasira ilikuwa imemfunika macho. Tatizo lilikuwa moja tu. Kitambaa kile upande wa nje kiling'aa kama maji ya asubuhi, na upande wa ndani kilikuwa cha rangi ya majivu.

"Itakuwa na mguu wa arusi na mguu wa matanga," alisema Bi Pindo.

"Kitambaa kingine kipo?" wifi aliuliza.

"Kwa muuza vitambaa kimekwisha. Nimeshauliza."

"Basi shona," alisema wifi. "Heri suruali yenye mambo kuliko Mkaguzi asiye na suruali."

Bi Pindo alikalia cherehani, akashona.

Ijumaa alasiri, foleni ikiwa imejaa tena mlangoni, Mkaguzi alifika na koti lake, picha mbili zenye bluu nyuma, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na wadhamini wawili: jirani yake na mama mkwe wake.

"Mama amekubali kunidhamini," alisema kwa fahari.

"Kwa suruali tu," mama mkwe alieleza wote waliokuwapo. "Mengine yake simo."

Mkaguzi aliingia nyuma ya pazia. Wifi alikuwa ameshakigeuzia kioo ukutani, akidai kina homa. Pazia likatikisika, likatulia, likafunguka.

Mama mkwe alisema, "Hee!" Kisha akaomba jina lake lifutwe kwenye barua ya udhamini.

Mkaguzi alishangaa, akainama kujitazama. Aliuona mguu wa kwanza, akatabasamu. Aliuona wa pili. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kalamu wakati gari jeusi liliposimama mlangoni, na Waziri akashuka.

Waziri alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Alisalimia kulia, akasalimia kushoto, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye suruali ya Mkaguzi, na hayakupanda tena.

"Hii ni nini?"

Pasi iliacha kufuka moshi. Bi Pindo alishika ukingo wa meza, akitafuta neno. Alilolipata lilikuwa lile lile moja, na Waziri haambiwi njoo kesho.

Meneja akapiga hatua mbele. "Mheshimiwa, mguu huu unaong'aa ni benki. Huu wa majivu ni mfanyabiashara mdogo. Kwa miaka mingi kila mmoja alikwenda njia yake. Mpango wako, Mheshimiwa, umewashona kiunoni."

Waziri alikunja uso. Alizunguka suruali pole pole, Mkaguzi akiwa ndani yake, amekauka kama mti.

"Na zipu?"

"Zipu ni Wizara, Mheshimiwa," alidakia wifi. "Isipokuwapo, aibu tupu."

Kisha Waziri akapiga makofi, na waliokuja naye wakapiga, na mama mkwe, kwa kuona wakubwa wanapiga, akapiga, akasema barua ibaki kama ilivyo.

"Kwa muda mrefu nimetafuta namna ya kuueleza mpango huu," alisema Waziri, "na watu hulala ninapofika katikati. Kumbe ulihitaji suruali! Mama, naagiza kila meneja wa tawi, nchi nzima, avae suruali ya namna hii. Zote zishonwe hapa hapa."

Mkaguzi, aliyeiona sasa suruali yake kwa macho mapya, aliandika papo hapo kwamba mwanagenzi amefuzu. Wifi alipiga kigelegele. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia kumi, na mezani mkopo ulikuwa umetandazwa. Ulikuwa unasubiri saini ya Meneja tu.

Meneja alikaa. Akashika kalamu. Akaishusha mpaka ikakaribia kugusa karatasi, akaiinua.

"Bosi," alisema, "siwezi."

"Huwezi nini?"

"Fedha hizi ni za wafanyabiashara wadogo. Asubuhi ulikuwa mdogo. Sasa una oda ya mameneja wa nchi nzima. Kwa vipimo vyetu wewe ni mfanyabiashara mkubwa. Utaomba kwenye dirisha la wakubwa."

"Dirisha hilo linataka nini?"

"Vyerehani ulivyokwisha kuwa navyo."

Bi Pindo alimtazama Meneja, akaitazama saa. Alipofumba jicho alijiona kwa Mkasi, kwenye kiti cha mwisho, akishona vifungo chini ya feni ya mwanafunzi wake. Akaupiga mkono mezani, akamgeukia Waziri.

"Mheshimiwa," alisema, "njoo kesho."

Mtu mmoja aliangusha picha zake mbili.

"Unasemaje, mama?"

"Sisemi nimekataa oda ya serikali. Nasema njoo kesho. Leo mimi bado mdogo, Mheshimiwa, naomba uniache niwe mdogo mpaka huyu bwana atie saini. Kesho asubuhi ukija na mameneja wako, nitakuwa mkubwa kama utakavyo."

Hakuna aliyewahi kumpa Waziri jibu hilo. Kwa kawaida yeye ndiye aliyelitoa. Akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi akamtazama Meneja.

"Oda isiyopokelewa haihesabiki," alisema Meneja taratibu, na uso wake ukachanua. "Bosi, umerudi kuwa mdogo!"

Na akatia saini. Kalamu ilipita karatasini kwa mlio mtamu kuliko cherehani kilichotiwa mafuta. Wifi alikuwa ameshavuta pumzi ya kigelegele cha pili Meneja alipoinua kidole.

"Bado shahidi. Sharti asiwe ndugu wa mkopaji, wala mteja wake."

"Mimi nipo," alisema Waziri.

"Wewe ni mteja wa kesho, Mheshimiwa. Umeambiwa uje."

Wifi alikuwa ndugu. Mkaguzi alikuwa ndani ya suruali. Jirani yake alikuwa amevaa shati la Bi Pindo, na mama mkwe, alipoulizwa, alikiri kwamba gauni lake lilipunguzwa humu humu. Waliokuwa kwenye foleni walijitazama nguo zao, wakainamisha vichwa. Akaitwa dereva wa Waziri, mgeni kabisa mtaani. Akaja akishukuru, maana alipokuwa akisubiri, wifi alikuwa amemshonea kifungo.

Katika mtaa mzima hakukuwa na mtu ambaye Bi Pindo hakuwahi kumtia uzi. Mshale mrefu wa saa ulikuwa unakwea kuelekea juu.

"Mimi simo kwenye vitabu vyenu," ilisema sauti ya mlangoni. "Si ndugu, si mteja. Nguo zangu nashona mwenyewe."

Watu walipisha njia. Alikuwa Mkasi. Tangu siku alipofungua duka la vioo hakuwahi kuvuka barabara ile. Aliingia pole pole, akamwinamia Bi Pindo kama alivyomwinamia zamani, na akachukua kalamu mkononi mwa Meneja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Sauti ya Bi Pindo ilikuwa kavu. "Na wewe unataka nini?"

"Natia saini hii, na oda ya wauguzi inabaki kwako. Sina kinyongo. Nina sharti moja tu."

"Liseme."

Mkasi hakuvitazama vyerehani. Hakuutazama mkopo wala suruali ya taifa. Alitazama foleni iliyojaa mlangoni, picha mikononi, wadhamini ubavuni. Kisha akanyoosha kidole.

"Huyu mwanagenzi. Nipe mimi."

Bi Pindo aligeuka kumtazama Meneja, aliyefuzu dakika chache zilizopita, aliyeharibu kitambaa na kuliokoa duka. Alitarajia kumwona amekunja uso.

Meneja alikuwa ameshaivua futi shingoni na alikuwa akiikunja, taratibu, bila kumtazama mtu usoni.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "duka lake lina feni."